Mfiwa Hadaiwi

Palikuwa na nchi. Si yenu, kwa hiyo msianze kutazamana. Jina lake silitaji kwa sababu bado naisubiri pensheni, na pensheni ya huko haipendi watu wenye domo.

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo katika redio ya taifa. Naitwa Sudi Mkwiche, mzaliwa wa Bondeni, ingawa baadaye nilipewa nyumba ya serikali nikahama. Kila adhuhuri, taarifa ya habari ikiisha, unasikia kinanda kile cha huzuni, kisha mimi: "Tunasikitika kutangaza kifo cha fulani bin fulani. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Watu walisema sauti yangu ingemfanya hata marehemu ajionee huruma. Sijisifu, nasema kilichosemwa.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja nzuri sana. Rais wa Kwanza alifiwa na mama yake. Wametoka kuzika, watu wamekaa jamvini, mara akaingia karani wa kodi, kijana mwaminifu kupita kiasi, akadai kodi ya nyumba ya marehemu. Rais akaanza kulia upya. Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Mfiwa Hadaiwi: nyumba yenye msiba isidaiwe kodi ya aina yoyote mpaka matanga yavunjwe, na matanga yatavunjwa kwa mila. Taifa zima likasema ewaa, huo ndio utu. Karani akahamishiwa kisiwani kuhesabu popo.

Ubaya wa kitu chema ni kwamba hata wajanja wanakiona. Baada ya Rais wa Kwanza kuondoka, wataalamu waliiboresha ile sheria. Wakaandika kwamba msiba wa kisheria lazima uwe na turubai la watu mia tatu, viti vya kukodi, na tangazo la redio lililolipiwa. Kama una mkeka na majirani wawili wa kukushika mkono, huo si msiba. Hiyo ni huzuni ya kawaida, na huzuni ya kawaida inalipiwa kodi.

Bi Mwantumu alilijua hilo kwa uchungu. Alikuwa mpishi wa misiba kule Bondeni, mwanamke mwenye mikono ya kugeuza wali wa watu mia bila kutoa jasho. Mumewe, fundi baiskeli, alipofariki, mtoza kodi alikuja siku ya tatu na askari, akakuta mkeka. Akamwambia, "Pole sana, mama." Kisha akabeba sufuria lake kubwa, kufidia kodi ya jiko, akaenda nalo.

*

Sasa mje Mlimani, wanakokaa wenye nazo.

Bwana Jabiri Mkumbaru alikuwa na saruji yote ya nchi, sukari yote, na nusu ya chumvi. Nusu nyingine ya chumvi ilikuwa ya Waziri wa Fedha, lakini hayo yanataka moyo, tutayafikia. Mama yake Bwana Mkumbaru alifariki kweli, Mungu amrehemu, na mimi ndiye niliyemsoma. Turubai likapigwa bustanini. Siku za kuvunja matanga zilipokaribia, mhasibu wake akamnong'oneza jambo sikioni. Asubuhi yake shangazi mtu akafariki. Matanga ya shangazi hayajaisha, akafariki mjomba. Wajomba wakaisha, wakaanza mashemeji.

Mwaka wa tisa nilisoma, kwa sauti yangu ileile, kifo cha "mzee mmoja asiyejulikana jina, ambaye inasadikiwa aliwahi kumpa marehemu baba yake Bwana Mkumbaru maji ya kunywa safarini." Baada ya huyo nikasoma kasuku wa shemeji. Nimelipwa, nikasoma. Baadhi ya wasikilizaji walipiga simu wakilia.

Majirani wakaona mambo. Mlima mzima ukawa maturubai. Rubani mmoja wa ndege ya kigeni alitua akauliza vita vimeanza lini, maana huko juu aliona kambi ya wakimbizi.

Na ninyi mnajua, msiba bila watu haunogi. Kwa hiyo mtendaji wa kata aliamuru kila nyumba ya Bondeni itoe mliaji mmoja na rambirambi. Watu wakapanda mlima kulia, wakawapelekea matajiri pole na shilingi zao za mfukoni, wakala sahani ya ubwabwa, wakashuka kulipa kodi ya jiko. Mimi sikuona ubaya wowote. Niliona taifa lenye upendo.

*

Siku moja mbunge mgeni, ambaye hata kiti chake hajakizoea, alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, wenye nacho walipe kodi zaidi." Ukumbi ukamtazama kana kwamba amevua shati.

Akasimama Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Profesa Dokta Mstahiki Philemoni Gwandumbi, leso nyeusi mkononi, kwani yeye naye alikuwa na msiba.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "hoja ya mheshimiwa ina mvuto wa kitakwimu, lakini haina utu. Nani kati yetu, aliyezaliwa na mwanamke, atakayeingia turubaini, amkute mtu analia, amwambie 'lete'?"

"Hapana! Hapana!" wabunge wakapiga meza.

"Tajiri wa nchi hii analia, Mheshimiwa Spika. Mwaka wa tisa huu analia! Maskini je? Nendeni Bondeni jioni mkasikilize. Wanacheka! Wanacheka mpaka vibarazani! Mheshimiwa Spika, sayansi ya uchumi inatufundisha kwamba anayecheka ana ziada. Tumtoze anayecheka!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi la mazulia likapanda. Kodi ya majiko ikaongezwa, Bunge likaahirishwa wabunge wakaenda misibani. Na kwa kuwa majiko ya Bondeni hayakutosha kuendesha nchi, zahanati ya Bondeni ikafungwa "kwa muda, mpaka Hazina itakapopata nafuu." Mkunga, Sista Apolonia, akaambiwa akae nyumbani asubiri barua.

Hapo ndipo mambo yalipomgusa Bi Mwantumu penyewe. Siwatu, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba inayohesabu siku. Mimba yake ya kwanza ilimpotea njiani, juu ya baiskeli, akikimbizwa hospitali ya wilaya enzi zile Bondeni haina zahanati. Baada ya siku ile watu wa Bondeni walifyatua matofali kwa mikono yao wakaijenga. Sasa kuna kufuli mlangoni, na baiskeli ni ileile.

*

Bi Mwantumu akapanda Mlimani, akamkuta Bwana Mkumbaru kwenye kiti chake cha mfiwa.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, Mama Siwatu. Ubwabwa wa jana ulipungua chumvi."

"Chumvi ni yako, bwana, na umeipandisha bei. Lakini sikujia hayo. Zahanati yetu wameifunga, wanasema Hazina haina kitu. Mwanangu siku zake zimefika. Nasema hivi, ukilipa kodi yako, japo ya mwaka mmoja tu, ile kufuli inatoka."

Bwana Mkumbaru akajifunika leso. "Jamani, Mama Siwatu! Hivi hunioni nimefiwa?"

"Pole. Safari hii umefiwa na nani?"

Bwana Mkumbaru akamgeukia mhasibu. Mhasibu akakuna kichwa kidogo. "Kasuku, bosi."

"Kasuku," akasema Bwana Mkumbaru, sauti ikimtetemeka. "Alikuwa mtoto kwetu."

"Mimi nilifiwa na mume," akasema Bi Mwantumu, "na siku ya tatu mkanichukulia sufuria."

"Hukuwa na turubai, mama," akamjibu kwa upole kabisa. "Lakini mimi si jiwe. Nitawapa hisani. Bati kadhaa na vyandarua viwili, mpiga picha awepo, na kibao kizuri: Zahanati ya Hisani ya Mkumbaru. Msiba ukiisha tu."

"Msiba wako unaisha lini?"

Bwana Mkumbaru akatazama juu, kwa Mwenyezi Mungu.

"Sikiliza, bwana," akasema Bi Mwantumu, na hapo heshima ikaanza kumtoka. "Mimi sikuja kuomba. Hisani mtu anatoa akipenda, na asipopenda mwanangu anakufa. Kodi ni deni. Malori yako ya saruji yanapita kwenye barabara ya nani?"

"Umechoka, mama. Kaa ule. Msiba haumfukuzi mtu."

"Neno zuri hilo," akasema Bi Mwantumu. "Nimelishika."

*

Akaja redioni. Nilimwona dirishani, nikajifanya natafuta karatasi.

"Sudi mwanangu, si wewe unayeisoma ile sheria kila Jumatatu? Hebu nisomee mwisho wake."

"'Mpaka matanga yavunjwe,'" nikasema, "'na matanga yatavunjwa kwa mila.'"

"Kwa mila," akarudia. "Mila za nani, za mhasibu?" Akacheka peke yake.

Hapa lazima niwaeleze wageni. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani. Zamani babu zao walipigana, wakachoka kuzikana, wakapatana kwamba kuanzia siku ile watatukanana tu. Mtani akija msibani kwako anakalia kiti chako, anavaa kanzu ya marehemu, anaiga alivyokuwa akitembea, anateka kuku wako anakudai umkomboe. Nawe unalia huku unacheka. Lakini ole wako ukasirike. Mfiwa akimkasirikia mtani, matanga yamevunjika palepale, kila mtu anakunja jamvi lake. Hakuna asiyeijua mila hiyo, hata mawaziri.

Miaka yote tisa watu wa Bondeni hawakuwa wametania. Walikuwa na adabu, na walikuwa na njaa. Anayengoja sahani hamtanii mwenye sufuria.

"Kesho ukilirudia tangazo la kasuku," akasema Bi Mwantumu, "baada ya ndugu, jamaa na marafiki, ongeza watani."

"Mama, neno hilo halijalipiwa."

"Sudi, siku ya kumzika mama yako nani aliwapikia?"

Alipika yeye, na hakuchukua hata senti.

Mkurugenzi aliponiuliza baadaye, nilimwambia ulimi uliteleza. Uliteleza mara mbili, maana jioni nilirudia.

*

Siku iliyofuata Waziri Gwandumbi alikwenda kumpa pole Bwana Mkumbaru kwa ajili ya yule kasuku, na Waziri anapokwenda redio inakwenda, moja kwa moja hewani. Ndiyo sababu nilikuwepo na kipaza sauti. Mimi ni mtu wa kazi tu.

Bondeni nzima ikapanda. Wanawake wamefunga vibwebwe, wanaume wamevaa kanzu nje ndani, wanapiga masufuria. Mbele Bi Mwantumu, amechomeka manyoya ya kuku kwenye kilemba, anaruka mguu mmoja.

"Kasuku nimefufuka!" akapiga kelele. "Niko wapi kwenye urithi?"

Vigelegele! Waziri akatabasamu kwa shida. Bwana Mkumbaru akacheka kwa meno, na mhasibu nyuma yake akinong'ona, "Cheka, bosi. Kodi ya miaka tisa hiyo, cheka."

Watani wakaingia ndani. Fundi viatu mmoja, mwembamba kama kamba, akatoka amevaa suti ya Bwana Mkumbaru na mto tumboni. Akatembea kwa madaha mpaka kwa mhasibu, akabweka, "Mhasibu! Leo kafa nani? Hakuna? Haya, muue mtu, karani wa kodi yuko getini!"

Hata askari wa Waziri walicheka. Bwana Mkumbaru akacheka pia, jasho likimtiririka. Wakala nyama yake, akacheka. Wakachukua gari lake jeusi, wakarudi nalo limempakia Siwatu, uchungu umeshamshika, na Sista Apolonia pembeni na mkoba wake. Wakampandisha mpaka chumba cha Bwana Mkumbaru mwenyewe, wakamlaza kwenye shuka za hariri.

"Watani tumeteka chumba!" akatangaza Bi Mwantumu. Alikuwa akicheza, lakini macho yalikuwa yakikimbilia kule dirishani kila mara. "Kikombolewe kwa zahanati!"

"Nakupa bati, mama!" akasema Bwana Mkumbaru akicheka. "Bati mia! Na kibao nafuta, basi!"

"Hakikombolewi kwa hisani. Lipa kodi."

"Ha ha! Utani mtamu huu!"

"Bado hujaonja," akasema Bi Mwantumu.

Yule fundi viatu akapanda juu ya meza ya chai, akajilaza, akafumba macho, suti na tumbo lake. Bi Mwantumu akasimama kichwani pake, akaniita nisogeze kipaza sauti. Nikasogeza. Mtu anayekaribia kupata mjukuu huwezi kumkatalia kitu.

"Wasifu wa marehemu Jabiri Mkumbaru," akasema. "Marehemu alizaliwa. Akala. Ameacha saruji, ameacha sukari, ameacha nusu ya chumvi. Ndugu waombolezaji, yeyote aliyewahi kupata kitu kwa marehemu bila kukilipia, asimame tumwone."

Hakusimama mtu. Waziri aliinuka kidogo, akajikuta anatazamwa, akakaa.

"Barabara ya malori yake nani aliijenga?"

"Sisi!"

"Askari wa getini kwake mshahara wake unatoka wapi?"

"Kwenye majiko yetu!"

"Rambirambi za miaka tisa?"

"Zetu!"

"Basi, jamani, huyu si tajiri. Huyu ni mtoto wetu. Tumemlisha wenyewe mpaka akanenepa, na leo katutoka. Haya, Bondeni, mlieni mwanenu!"

Nilijua wanavyolia wale watu. Walimlilia shangazi wasiyemjua. Walimlilia mzee wa maji ya safarini. Kasuku walimlilia mpaka wengine wakazimia. Sasa wakakunja mikono. Halikutoka chozi, halikutoka hata pole. Bustani nzima ilinyamaza, nchi nzima ikisikiliza kwenye redio, na katika ukimya ule ikasikika sauti ya Siwatu kule juu, anamwita mama yake.

Bwana Mkumbaru alimtazama yule maiti mwenye tumbo lake. Akawatazama watu. Nilimwona kicheko kinamwishia usoni, mdomo unamcheza. Mhasibu akamkamata mkono, bosi akamsukuma.

"Hata mmoja?" akasema. "Hata mmoja wenu? Kasuku mmemlilia! Ndege! Mmemlilia ndege, mimi mnanikunjia mikono? Washenzi nyie! Tokeni! Tokeni kwangu! Mimi sijafa! Hakuna aliyekufa hapa! Hajafa mtu nyumba hii tangu mama!"

Na kipaza sauti, kwa bahati mbaya, kilikuwa bado mkononi mwangu.

Mhasibu akakaa chini kwenye nyasi. Bondeni ikaanza kukunja majamvi, taratibu, kwa heshima zote, kama inavyotakiwa matanga yakivunjika. Kutoka meza ya nyuma akainuka mzee mmoja mwenye mvi, akapangusa mikono mafuta ya pilau. Nilimtambua kwa picha za zamani. Alikuwa yule karani aliyepelekwa kisiwani kuhesabu popo, amestaafishwa mwezi uliopita, kaja kula kama watu wengine.

"Pole kwa msiba ulioisha, bwana," akasema. "Sasa, kodi ya nyumba."

Bi Mwantumu hakuyaona hayo. Alikuwa ameshapanda ngazi mbili mbili, manyoya yakimdondoka. Tulisikia mtoto akilia kabla hatujamwona yeye tena, na alipotokea dirishani alikuwa analia, analia kweli, bila turubai wala tangazo. "Wa kike!" akasema. "Na mama yake mzima!"

Mke wa Bwana Mkumbaru, mama mwenye adabu zake, alishauri mtoto aitwe Hisani, kwa kuwa kazaliwa kwenye nyumba ya watu. Siwatu, mnyonge vile kitandani, akamjibu, "Ahsante, dada. Ataitwa Haki."

*

Wiki ile koo langu lilikauka. Mlimani nzima ilipanga foleni redioni kuvunja matanga kabla watani hawajafika. Nilisoma kutwa: "Tunafurahi kutangaza kwamba katika ukoo wa fulani hakuna aliyekufa." Kufuli ya zahanati ikatolewa, Sista Apolonia akapata barua yake, na Bi Mwantumu akarudishiwa sufuria, limetoboka, lakini lake. Bwana Mkumbaru alikuwa ameshachonga kile kibao, akaona asikitupe, akakipeleka Bondeni. Bi Mwantumu alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akakifanya mlango wa banda la kuku.

Amebaki Waziri. Yeye na nusu yake ya chumvi hawajavunja matanga. Badala yake amepeleka Bungeni muswada wa kuratibu utani: mtani awe na leseni, atume maombi mapema, na achekeshe kwa kiasi. Mimi nami nimesimamishwa kazi kwa kosa la kuwa na ulimi unaoteleza.

Sina ugomvi na serikali. Nimekuwa mtiifu maisha yangu yote, pensheni yangu iko mikononi mwao, na mimi ni mtu wa kusoma tu. Ila Waziri Gwandumbi ni mzaliwa wa Mlimani, mimi ni wa Bondeni, na juzi amefiwa na mbuzi wa jirani yake. Kanzu nimeshaivaa, nje ndani. Bi Mwantumu yuko hapo mlangoni na sufuria lake, mjukuu mgongoni, ananiambia nifanye haraka. Habari zimetufikia.